RTX 4090 au RX 7900 XTX: jibu langu kwa aliyeuliza, baada ya kufanyia kazi zote mbili

Mkuu, umeuliza uchukue kadi ipi ya picha kati ya RTX 4090 ya NVIDIA na RX 7900 XTX ya AMD, zote zikiwa zimeshatumika. Umesema skrini yako ni ya 4K, mchana unafanya kazi za 3D kwa programu ya Blender, jioni unacheza magemu, na sasa unataka kuanza kuendesha modeli za lugha, yaani akili bandia inayoandika, kwenye mashine yako mwenyewe. Wadau wengi wamekujibu kwa mstari mmoja tu: chukua 4090, ina nguvu zaidi. Ni kweli ina nguvu zaidi. Ila jibu hilo halikufikishi mbali, maana pengo kati ya kadi hizi halina kipimo kimoja. Kuna kazi ambazo 4090 inaiacha mwenzake mbali sana, na kuna kazi ambazo zinakwenda karibu sambamba. Nimezifanyia kazi zote mbili, kwa hiyo ngoja nieleze pengo linatoka wapi, nawe upime kwa saa zako.

Zilitoka kwa kufuatana, 4090 Oktoba 2022 na 7900 XTX Desemba mwaka huohuo. NVIDIA walitengeneza chipu moja kubwa, AD102, yenye tranzista bilioni 76. AMD wakaigawanya chipu yao, Navi 31, vipandevipande: kipande kimoja cha kukokotoa katikati, na vingine sita vidogo pembeni vyenye kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka) na njia za kwenda kwenye kumbukumbu. Jumla yake ni tranzista bilioni 58 hivi. Kwa hiyo kwenye ukokotoaji 4090 iko juu bila ubishi. Lakini angalia kumbukumbu: zote mbili zina GB 24 kwenye njia ya biti 384. Ya NVIDIA hupitisha GB 1,008 kwa sekunde, ya AMD GB 960. Hizo namba mbili zikae kichwani, tutazihitaji.

Kwenye magemu ya kawaida, yaani yasiyotumia rei tresingi (kufuatilia miale ya mwanga), 4090 huwa mbele kwa kiasi cha robo hivi kwenye 4K. Ukishuka hadi 1440p, yenye pikseli chache zaidi, pengo hupungua, kwa sababu prosesa ndiyo inayoanza kuchelewesha na kadi inabaki inasubiri. Gemu likiwa linakwenda fremu 100 kwenye XTX na 125 kwenye 4090, mimi kwa macho yangu nafurahia yote mawili sawasawa. Mtu asikutishe na grafu za namna hiyo.

Rei tresingi ni habari nyingine kabisa. Hapo kadi inafuatilia miale ya mwanga inavyogonga ukuta, maji na chuma, na kizazi hiki cha AMD hakikupewa vifaa vya kutosha kwa kazi hiyo. Jaribu Cyberpunk 2077 kwenye ile hali ya kufuatilia miale yote iliyoongezwa Aprili 2023, au Alan Wake 2 ikiwa imefunguliwa kila kitu. 4090 ikisaidiwa na DLSS (teknolojia ya NVIDIA inayochora picha ndogo kisha kuikuza kwa akili bandia) inachezeka vizuri kwenye 4K, XTX inakwama. Kwa gemu zinazoweka rei tresingi kidogo, kwenye vivuli tu kwa mfano, XTX inajitahidi na hutajuta.

Na hiyo DLSS usiichukulie kama nyongeza ya matangazo. Kwenye 4K ndiyo inayobeba nusu ya kazi. Mfumo wake mpya uliotoka Januari 2025 pamoja na RTX 50 ulishushwa pia kwa kadi za zamani za RTX, na 4090 ikapata picha iliyotulia zaidi bila mtu kubadilisha chochote ndani ya kasha. Wanaotaka kadi ibuni fremu kadhaa za kujazia kati ya zile halisi ndio waliotakiwa kununua RTX 50. Upande wa AMD, FSR 4, ambayo ni DLSS ya kwao, ilipotoka mwaka huohuo ilitangazwa kwa kadi mpya za RX 9000, si kwa kizazi cha 7900. Hilo liliniuma kwa niaba ya wenye XTX, kwa sababu FSR 3 kwenye majani, nyaya na nywele bado inachezacheza, na ukishaiona huwezi kuacha kuiona.

Sasa tuje kwenye modeli za lugha, maana hapo ndipo ulipojibiwa vibaya zaidi. Umeambiwa AMD haifai kabisa. Si kweli. Modeli inapoandika, kwa kila tokeni moja (neno au kipande cha neno) kadi inalazimika kusoma uzito wote wa modeli kutoka kwenye kumbukumbu. Ukokotoaji wenyewe ni mdogo, kinachochelewesha ni kusoma. Chukua modeli ya vigezo bilioni 32 (namba ilizojifunza) iliyobanwa hadi biti 4 kwa kila kigezo, pamoja na nyongeza zake tuseme imefika GB 20. Gawanya 1,008 kwa 20 unapata tokeni 50 kwa sekunde. Gawanya 960 kwa 20 unapata 48. Hiyo ndiyo dari ya kila kadi, na kwa vitendo zote zinakaa chini ya hapo, lakini unaona jinsi zinavyokaribiana. Kwa mtu anayesoma jibu likijiandika, tofauti hiyo haina maana yoyote. Kwenye programu kama llama.cpp, XTX inafanya kazi kupitia Vulkan, njia ya kuitumia kadi isiyofungwa kwa kampuni moja, bila wewe kuhangaika na usanidi mrefu.

GB 24 pia zina mipaka yake. Hiyo modeli ya GB 20 inakuachia GB 4 tu za mazungumzo yenyewe na za skrini yako. Ukimwaga hati ndefu ndani, nafasi inaisha. Modeli ya bilioni 70 kwa biti 4 inakaribia GB 40, haiingii kwenye yoyote kati ya hizi, hata ungeamua kulipa zaidi.

Pengo linarudi pale kazi inapokuwa ya kukokotoa badala ya kusoma: kuisomesha modeli maandishi marefu kabla haijajibu, kutengeneza picha, au kuifundisha modeli kwa data yako. Hapo 4090 inaonyesha ubavu. Halafu kuna CUDA, mfumo wa NVIDIA wa kuandikia programu za kukokotoa kwenye kadi zao, ambao umekuwepo tangu 2007. Mtafiti anapoweka programu yake hadharani, karibu kila mara ameiandika na kuijaribu kwa CUDA kwanza. ROCm, mfumo wa AMD wa aina hiyohiyo, ilianza kuitambua rasmi 7900 XTX kwa PyTorch (maktaba ya kutengenezea modeli) kwenye Linux mwishoni mwa 2023, na imepiga hatua. Bado utakuta maktaba fulani haijengeki, au inahitaji toleo tofauti na ulilo nalo. Kama unapenda kuchokonoa, ni kazi inayofundisha. Kama una mteja anayesubiri, ni jioni nzima imepotea.

Blender sina mengi ya kusema, kwa sababu hakuna mjadala. Ukitoa picha kwa Cycles, injini ya Blender ya picha za mwisho, kupitia OptiX ya NVIDIA, 4090 inamaliza kwa muda usiofika nusu ya ule wa XTX inayotumia HIP ya AMD. HIP RT, yaani HIP inayotumia vifaa vya rei tresingi vya kadi, iliongezwa kwenye toleo la 3.6 la Blender, inasaidia kiasi, haifuti pengo. Lakini jiulize unatumia Cycles kweli? Kama siku yako ni kuchonga maumbo na kuangalia kwa Eevee, injini yake ya haraka, XTX haitakuchelewesha.

Umeme: 4090 ni wati 450, XTX ni wati 355. Mimi 4090 niliibana hadi asilimia 70, yaani wati 315 hivi, na fremu zilizopungua ni chache mno, huku feni zikitulia na chumba kikipoa. Ni jambo la kwanza ningemshauri mwenye kadi hiyo alifanye. XTX ukiibana hivyo inapoteza zaidi.

Kiunganishi cha umeme cha 4090, kile cha pini 16, ndicho kilichoripotiwa kuyeyuka kwa baadhi ya watu mwishoni mwa 2022. NVIDIA walisema sababu kubwa ni kebo kutosukumwa hadi mwisho, na baadaye muundo ukarekebishwa, pini ndogo za kutambua zikafupishwa ili kadi isivute umeme kama kebo imelegea. Kwa kadi iliyotumika, chomoa kebo mwenyewe na umulike tochi ndani ya tundu. Plastiki iliyogeuka rangi au kujikunja, achana nayo. XTX ya muundo wa AMD wenyewe inatumia viunganishi viwili vya kawaida vya pini 8, ila nayo ina lake: Januari 2023 AMD walikiri kwamba baadhi ya vipoza vyao vilitoka kiwandani vikiwa na maji pungufu ndani, kadi ikawa inapata moto na kujipunguza kasi. Iendeshe kwa mzigo mkubwa kwa muda wa kutosha, uangalie ile sehemu yenye moto zaidi. Ikifika nyuzi 110 na kubaki hapo, irudishe. Na kadi yoyote kati ya hizi usiilipie kabla hujaiona ikiwaka na kufanya kazi mbele yako. Zimewahi kuuzwa 4090 ambazo ndani hazina chipu.

Kama unatumia Linux, XTX ina raha yake. Draiva iko ndani ya kernel, yaani kiini cha Linux, unawasha na kazi inaanza. Kitu kimoja tu: usiiunganishe kwa HDMI ukitegemea 4K ya hertzi 120 kamili. Mwaka 2024 HDMI Forum, wasimamizi wa kiwango hicho, walikataa HDMI 2.1 iwekwe kwenye draiva huria ya AMD. Tumia DisplayPort, ambayo kwenye kadi hiyo ni toleo la 2.1, wakati 4090 imebaki na 1.4a.

Kwa ulivyojieleza wewe, jibu langu linaegemea Blender. Kama unatoa picha kwa Cycles kila wiki na unalipwa kwa hiyo, chukua 4090 na uibane umeme. Kama Cycles unaigusa mara chache, na jioni zako si za gemu zenye rei tresingi nzito, chukua XTX bila hofu, hata hizo modeli zako za lugha zitakwenda vizuri.

Kabla hujalipa, pima ndani ya kasha lako kutoka nyuma hadi kwenye feni za mbele. 4090 ya NVIDIA wenyewe ina milimita 304, za watengenezaji wengine nyingi zinapita 330 na unene wake unameza nafasi tatu au zaidi. XTX ya AMD ina 287. Andika hapa kipimo hicho, wati za pawa saplai yako na kama ina kebo ya pini 16 yake yenyewe, tuangalie pamoja.