Themomita ya sikio inanichanganya

SWALI: Dokta shkamoo, mwanangu ana mwaka na nusu, nimenunua themomita ya sikio ila nikipima inasoma 36.4, dakika mbili baadae 38.1, halafu mtoto analia kweli. Niamini ipi? Mama Junior, Tabata

JIBU: Marahaba mama Junior, pole sana. Mara nyingi shida ni ncha haijaelekea kwenye ngoma ya sikio, njia ya sikio imepinda kidogo so lazima uinyooshe, kwa umri wake vuta sikio taratibu kwa nyuma na juu (chini ya mwaka vuta nyuma tu), ingiza ncha bila kusukuma, bonyeza, subiri mlio. Nta nyingi au ncha chafu inashusha namba. Kama alilalia hilo sikio au katoka juani subiri dakika 15 hivi. Mpakate, kichwa kifuani kwako, jipime wewe kwanza aone, na sikio linalouma usiliguse kabisa.

Ikifika 38 hiyo ni homa, mpeleke akapimwe malaria, tafadhali usimpe dawa ya malaria kwa kukisia. Kichanga chini ya miezi 3 mpime kwapani, na akifika 38 ni hospitali hapohapo hata kama ni usiku.