Gari likitoka gereji na ugonjwa mpya, usiruhusu mtu alifungue

Nilipeleka gari gereji kwa sababu ya kuvuja oili. Liliporudi lilikuwa halivujishi tena, ila siku ya tatu likaanza kupiga misi, yaani silinda moja haichomi petroli sawasawa.

Ni gari dogo, injini ya silinda 4, kila plagi na koili yake juu, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa kutoa cheche. Nililinunua kwa wakala mmoja wa magari hapa Dodoma mwenye gereji yake uani, na kwa kuwa walioniuzia ndio hao hao, sikuona haja ya kwenda kwa fundi wangu wa Chang'ombe. Oili ilikuwa inachuruzika kutoka kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, na kudondokea ekzosi, kila nikisimama kwenye taa harufu ya kuungua inajaa ndani. Wakabadilisha gasketi, wakafunga plagi mpya, nikalipa, tukaagana vizuri.

Siku ya tatu nikawa na safari ya Singida. Mpaka Bahi, hakuna neno. Naanza kupanda mlima wa Saranda, gari likatetemeka kama lina malaria, taa ya injini ikawa inawaka na kuzima. Taa hiyo ikiwaka tu bila kuzimika, bado una nafasi ya kwenda taratibu. Ikiwa inawaka na kuzima, petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na itakuunguzia masega, kile kisafisha moshi kilichomo ndani yake. Mimi nilijikongoja hadi Manyoni, na hapo nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza.

Fundi wa pale simlaumu, anajua kazi. Alichomoa koili ya tatu, ikatoka imelowa oili. "Kaka, hili shimo la plagi ni kisima," akasema. Akaifuta kwa kitambaa, akaibadilishana na ya kwanza aone kama misi itahama. Ikahama. Koili imekufa. Dakika kumi tu tukawa tumejua ugonjwa, na dakika hizo hizo tukawa tumeufuta ushahidi wangu kwa kitambaa. Picha sikupiga hata moja, na simu ilikuwa mkononi.

Kesho yake gari likarudi Dodoma juu ya bredauni, shilingi 350,000. Msimamizi wa gereji alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza swali moja: "Kuna mtu amelifungua?"

Nikasema ukweli.

"Basi bosi wangu, hapo unatuweka pagumu. Koili zimehamishwa, hatujui aligusa nini kingine. Na sisi koili hatukuzigusa."

Hilo la mwisho ndilo lililoniamsha. Kwenye injini ya aina hii plagi imekaa chini ya koili. Aliyebadilisha plagi amezichomoa koili zote nne, hakuna njia nyingine. Nilipomwonyesha risiti yake yenye plagi 4, akasema atazungumza na mafundi.

Nilikuwa na vitu viwili zaidi, na vyote nilivipata kwa bahati kuliko kwa akili. Kwanza, siku napokea gari waliandika kilomita kwenye karatasi ya kazi, na kwa kuwa gari lilirudi limebebwa, dashibodi ilikuwa imesimama pale pale lilipougulia. Tofauti haikufika kilomita 200. Pili, risiti yenyewe, ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Walinipa ile ofa ya siku zote, kwamba bila risiti wangenipunguzia, na nilikuwa nimeshaanza kuitikia kichwa, mke wangu akakataa. Mbali na plagi, risiti hiyo iliorodhesha gasketi na "raba za plagi 4".

Raba hizo hukaa ndani ya tapeti kava kuzunguka mashimo ya plagi. Joto huzikausha zikawa ngumu. Ukibadilisha gasketi ya pembeni peke yake, oili haionekani tena nje na mteja anafurahi, lakini raba kuukuu zilizokwishatikiswa kava liliponyanyuliwa zinaachia, oili inashuka kimya kimya kwenye koili.

Kwa hiyo niliacha kubishana kaunta nikaandika barua ya ukurasa mmoja: tarehe, kilomita, nilicholipia, kilichotokea, na ombi kwamba kava lifunguliwe mbele yangu na mbele ya fundi wangu, mimi nikirekodi. Nikakiri mle ndani kwamba koili zilihamishwa Manyoni, maana wangelisema wao. Nikawapa siku 7, nikaeleza kwamba baada ya hapo nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeipa pia kazi ya kumlinda mlaji, na madai ya fedha yatakwenda Mahakama ya Mwanzo. Nakala yangu wakaigongea muhuri wa kupokea. Usiondoke bila muhuri huo. Sauti ya juu pale kaunta inakupa soda baridi na ahadi, basi.

Siku ya tano wakanipigia. Kava likanyanyuliwa, fundi wangu akaingiza kidole, akatoa raba moja moja. Zilikuwa ngumu kama kifuu. Hazikuwa zimebadilishwa. Akamwuliza msimamizi zile mpya za kwenye risiti zilifungwa wapi. Hakujibiwa, na sisi hatukurudia swali. (Siku hizi popote ninapotengeneza gari naomba spea za zamani nizione kabla ya kulipa. Ningeomba siku ile, safari nzima ya Manyoni isingekuwepo.)

Walifunga raba mpya, plagi moja na koili moja, bila kunitoza. Pesa ya bredauni walikataa, wakasema ningewapigia simu wao kwanza kabla ya kumwita fundi. Nilikasirika, ila nikiwa peke yangu najua hoja hiyo ina mashiko, nikaiacha 350,000 iende.