Jibu: Polisi wa jimbo la Marekani na amri za Washington

Mkuu, umeuliza kama Washington (serikali kuu ya Marekani) inaweza kuwalazimisha polisi wa jimbo wakamate wahamiaji. Haiwezi. Marekebisho ya 10 ya Katiba ya Marekani, yanayoyaachia majimbo mamlaka ambayo serikali kuu haikupewa, yanazuia, na kesi ya Printz (1997) katika Mahakama ya Juu ililiweka wazi: masherifu, yaani wakuu wa polisi wa kaunti, hawakulazimika hata kuwakagua wanunuzi wa bastola kwa amri ya Washington. Ile karatasi ya ICE (idara ya serikali kuu inayokamata wahamiaji) ya kumshikilia mfungwa hadi saa 48 zaidi ni ombi tu, haina sahihi ya hakimu. Kaunti ikiifuata kichwakichwa inaweza kushtakiwa yenyewe (kesi ya Galarza, 2014). Wengi hukosea hapa: jimbo kukataa kusaidia ni halali, kuwazuia maafisa wa ICE kazini si halali. Tena ngao hiyo ni dhidi ya Washington; haiikingi kaunti dhidi ya jimbo lake. Texas ilizibana kaunti zake zitii maombi ya ICE kwa sheria yake ya SB4 (2017), na sehemu kubwa ilipita mahakama ya rufaa.