Mtoto hajaanguka tena, lakini anasinzia darasani

Mama mmoja wa Urambo ameniandikia. Mwanawe wa darasa la tatu hajaanguka tangu aanze dawa ya kifafa, ila mwalimu anasema amekuwa mzito, na nyumbani anawapiga wadogo zake. Anauliza, aache vidonge? Mama, usiache.

Vidonge hivyo ni fenobabitoni ya miligramu 30. Dawa hii haiishi mwilini upesi: siku 2 au 3 baada ya kumezwa, nusu yake bado imo kwenye damu. Ndiyo maana hujilimbikiza kwa wiki 2 hadi 3 kabla ya kutulia. Usingizi wa siku hizo za mwanzo mara nyingi hupungua wenyewe. Ukivuka mwezi, huenda dozi imezidi. Mtu mzima dawa hii humlaza, lakini mtoto huweza kumfanyia kinyume, akawa hatulii, mkorofi, analia ovyo. Watu wanasema shetani kahama miguuni kaingia kichwani. Shetani gani! Ni kidonge.

Ampe dozi yote usiku kabla ya kulala, si asubuhi ya shule. Kisha ampeleke akapimwe uzito, maana dozi ya mtoto hufuata kilo: huanzia miligramu 2 hadi 3 kwa kilo kwa siku. Wa kilo 20 huanza na miligramu 40 hadi 60. Na daktari ajue dawa nyingine anazomeza. Valproeti, kwa mfano, huipandisha fenobabitoni kwenye damu, mtoto akawa kama mlevi.

Mwalimu naye ana kazi. Mtoto akiduwaa, amwite na kumgusa bega. Anayesinzia atashtuka. Asiyeitika kwa sekunde kadhaa, kisha akaendelea kama hakuna kilichotokea, huenda ni kifafa kidogo, na huyo anahitaji dawa irekebishwe, si viboko.

Kijana akianza kujitenga au kusema bora afe, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni siku hiyohiyo.

Kuacha ghafla ndiko kunakoua: degedege hufuatana bila mtoto kuzinduka. Likizidi dakika 5, hospitali. Kupunguza dawa hufanywa kidogo kidogo kwa miezi, daktari akipanga. Wengi huachishwa na safari tu, hasa msimu wa tumbaku watu wakishinda mashambani. Vidonge vikibaki vya siku 7, rudini zahanati.