Nimefunga bloku ya 150 kwenye injini ya 125, kiki haiwashi mpaka nisukume

SWALI: Habari fundi. Naendesha bodaboda Morogoro, pikipiki ya Kichina yenye injini ya CG 125. Mwezi uliopita nilifungiwa bloku na pistoni ya 150 ili ipande milima na mzigo, pamoja na kabureta kubwa, PZ30. Tangu hapo kiki imekuwa nyepesi mno na haiwashi, mara nyingine inalipua kupitia kabureta. Nikisukuma kwa gia ya pili inawaka na inavuta vizuri, ila nikiachia mafuta inazima. Nimebadilishiwa plagi na CDI (kile kisanduku kinachotoa moto wa plagi), hali ni ileile. Ninunue koili ya magneti?

JIBU: Nzuri, kaka. Koili iache dukani kwanza. Katika maelezo yako kuna neno moja ambalo fundi aliyekubadilishia CDI alipaswa kulizingatia: kiki imekuwa nyepesi.

Piga hesabu nami. CG 125 ina kipenyo cha silinda cha 56.5 mm na mwendo wa pistoni wa 49.5 mm, yaani karibu cc 124. Kwa mgandamizo wa kawaida wa 9 kwa 1, chumba cha moto kwenye hedi (kichwa cha injini) kina kama cc 15.5. Pistoni yako mpya ni ya 62 mm, mwendo uleule, sawa na cc 149. Kama hedi ni ileile ya zamani, mgandamizo unapanda hadi karibu 10.6 kwa 1. Kiki hiyo ilitakiwa iwe nzito, ikurudishe mguu ukiipiga kwa uvivu. Ikiwa nyepesi, hewa inatoroka mahali. Ukisukuma, injini inazunguka haraka kuliko mguu unavyoweza, hewa inakosa muda wa kutoroka yote, ndipo inawaka.

Inatorokea wapi? Mlipuko wa kwenye kabureta unanipeleka moja kwa moja kwenye valvu ya kuingiza. Injini za CG hazina cheni ya taimingi inayopanda hadi kwenye hedi. Kamu iko chini, inasukuma pushirodi mbili (vyuma virefu vyembamba), nazo zinainua roka, mikono midogo inayofungua valvu. Kwa hiyo urefu wa bloku unaingia kwenye hesabu ya tapeti, yaani skrubu za roka zinazogusa valvu. Bloku mpya ikiwa fupi kidogo, au gasketi ya karatasi ya chini ikaachwa na kupakwa silikoni tu, hedi inashuka na pushirodi zinakuwa ndefu kuliko nafasi iliyopo. Tapeti za injini hii zinatakiwa ziwe na uwazi wa 0.08 mm, injini ikiwa baridi. Karatasi ya nusu milimita peke yake ni zaidi ya mara sita ya uwazi huo! Valvu zinabaki zimefunguka hata pistoni inapogandamiza.

Anza hapo, asubuhi kabla hujawasha. Toa plagi, fungua kifuniko cha tapeti na kile kifuniko kidogo cha upande wa magneti. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, weka gia ya juu, zungusha tairi la nyuma kuelekea mbele mpaka alama ya T kwenye magneti (pistoni iko juu kabisa) ilingane na alama ya kava. Shika roka zote mbili kwa vidole. Zinatakiwa zicheze kidogo. Zikikaza, zungusha injini mzunguko mmoja kamili urudi kwenye T, kwa sababu huenda ulikuwa mwisho wa kutoa moshi. Zikikaza tena, umepata ugonjwa. Legeza nati ya skrubu ya roka, weka fila geji (kibati chembamba cha kupimia uwazi) ya 0.08, zungusha skrubu mpaka iiguse geji, kaza nati huku umeshikilia skrubu isizunguke, kisha pima upya. Usikadirie kwa macho. Fila geji ni bei ndogo kuliko hiyo CDI uliyonunua.

Skrubu ikifika mwisho na roka bado imekaza, usiilazimishe. Ama pushirodi haikukaa kwenye kikombe chake kule chini wakati wa kufunga bloku, ama uliuziwa zisizo zake, maana huuzwa kwa urefu tofauti. Hapo lazima hedi ifunguliwe. Ikishafunguliwa, tazama gasketi ya juu: ya 125 kwenye bloku ya 62 mm inachungulia ndani ya silinda, ukingo wake unapata moto mkali na pistoni inaweza kuugonga. Lazima iwe ya 150. Mimi ningekushauri uweke na hedi ya 150 kabisa, kwa sababu 10.6 kwa 1 kwenye injini inayopozwa na upepo, ikiwa na abiria na mzigo mlimani, ni kuitafutia pistoni kutoboka.

Tapeti zikiwa sawa na kiki bado nyepesi, nenda kwa fundi wa pancha mwenye kompresa. Rudisha injini kwenye T roka zikiwa zimelegea, acha gia imeingia, mwenzako akanyage breki ya nyuma, kisha pulizeni upepo kupitia tundu la plagi. Upepo ukisikika kwenye kabureta, ni valvu ya kuingiza; kwenye bomba la moshi, ni ya kutoa; kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi. Ringi mpya huvuja kidogo kabla hazijakaa, kwa hiyo tafuta mvumo mkubwa, si mluzi mdogo.

Moto wa plagi upime mara moja tu, ili roho itulie: plagi iguse chuma cha hedi, mbali na tundu lake kwa sababu mvuke wa petroli unaweza kulipuka, kisha piga kiki. Ukiwa wa bluu na wenye mlio wa kupasuka, umeme achana nao.

Kabureta ndiyo ya mwisho. PZ30 ni saizi ya injini za 200. Kwenye 150 hukaa PZ27. Koo pana mno kwa mwendo wa kiki hufanya hewa ipite taratibu, petroli isivutwe vizuri, na injini kuzima ukiachia mafuta. Rudisha PZ27, skrubu ya hewa ifungue mzunguko mmoja na nusu kama mwanzo, na hakikisha oringi ya kwenye shingo ya kabureta haijapinda.

Na usiendelee kuisukuma kila siku ukisubiri Jumapili. Valvu ya moshi isiyofunga inaungua ukingo, na ikishaungua, kurekebisha tapeti pekee hakutatosha. Utasaga valvu au ununue nyingine.