*Xlěbъ: wanaoanza etimolojia ya Kislavoni waanzie kwenye mkate

Mnaoingia isimu historia upande wa Kislavoni-mame (lugha mama ya Kirusi, Kipolandi na wenzao), nawashauri muanze na *xlěbъ, yaani mkate (x husomwa kama kh, na ъ ni irabu fupi iliyopotea baadaye). Neno fupi, ila lina karibu kila mtego mtakaokutana nao baadaye.

Kabla ya kugusa kamusi yoyote, liandikeni kama lilivyo kwenye lugha zilizo hai: Kirusi hleb, Kiukraini hlib, Kibulgaria hljab, Kipolandi chleb, Kiserbia hleb au hljeb kutegemea lahaja. Konsonanti zimetulia, kinachohangaika ni irabu. Sasa wekeni pembeni yake *lěto, majira ya joto: leto, lito, ljato, lato, leto au ljeto. Mpangilio ni uleule, na ndiyo sababu ya kuandika ě, alama ya irabu moja ya kale iliyozaa zote hizo. Kipolandi peke yake kinaonekana kukaidi, lato lakini chleb. Tazameni konsonanti inayofuata: mbele ya t ngumu (isiyolainishwa kwa mguso wa y) irabu hiyo iligeuka a, mbele ya b haikugeuka. Kinyota mmeshakizoea kwenye *-nyama ya Mame-Bantu. Maana yake umbo limejengwa upya, halikukutwa limeandikwa.

Halafu hiyo x ya mwanzo. Ndani ya Kislavoni, x ya asili hutokana zaidi na s iliyotanguliwa na i, u, r au k. Mwanzoni mwa neno hakuna kilichotangulia, kwa hiyo neno linaloanza na x lishukiweni mara moja. *Xъlmъ (kilima) na *xyzъ (kibanda) yalitoka Kigermanik (ukoo wa Kijerumani, Kiingereza na Kigothi), na mkate nao hivyohivyo. Kwa Wagermanik sauti hiyo, inayoandikwa h, ni ya kwao kihalali: ilitoka kwenye k ya kale, kwa kanuni aliyoieleza mwanaisimu Mjerumani Jacob Grimm mwaka 1822. Waslavoni wangelirithi neno hili kwa mababu, tungetarajia k au s.

Mimi napenda zaidi ushahidi wa b. Katika Biblia ya Kigothi iliyotafsiriwa na askofu Wulfila, karne ya 4, pale sisi tunaposema "utupe leo riziki yetu", wao wana hlaif unsarana, "mkate wetu". Neno linaishia na f, lakini kwenye umbo la umilikishi ni hlaibis, na b inajitokeza. Hiyo ndiyo b ya Kislavoni. Tena ai imekuwa ě, basi neno liliingia kabla ai za Kislavoni hazijageuka. Loaf ya Kiingereza ni ndugu yake, na leipä ya Kifini ni mkopo wa chanzo hichohicho.

Wengi wakifika hapa huandika kwamba Waslavoni walifundishwa kuoka na Wagothi. Jizuieni. *Pekti, kuoka, ni urithi, na Kisanskriti kina pac- ya mzizi huohuo. *Těsto, unga uliokandwa, nalo halikukopwa. Kislovenia mpaka leo huita hleb ule mkate mmoja mzima, na chakula chenyewe ni kruh, neno lenye asili ya kipande kilichovunjwa.

Mkienda maktaba, kamusi ya etimolojia ya Max Vasmer imepangwa kwa maneno ya Kirusi. Ile kubwa ya Moscow, iliyoanza kutoka mwaka 1974 chini ya Oleg Trubachev, hufuata umbo la mame. Mkate uko juzuu la 8. Vitabu vingine huandika ch badala ya x, kwa hiyo msipolipata chini ya herufi moja, hamieni nyingine.