Nikahi ilisomeka, ngoma ya wanawake ikapotea: ninavyotunza picha za harusi sasa

Mwaka jana alinijia mama mmoja studioni, hapa Tanga, na DVD kaifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Ilikuwa harusi ya binti yake niliyoipiga mwaka 2007. Mumewe alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Mwanangu, nimejaribu deki tatu, haifunguki. Nataka nimwone baba yao akimwozesha mtoto."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ninazo nyingine tatu kabatini. Nilipozitoa, zote zilikuwa zimechoka. Upande wa kusomea umepauka, moja ina madoa pembezoni, na kompyuta inaizungusha weee kisha inaitema. Diski nne za boksi moja, nilizichoma siku moja, na tatu zikakaa kabati moja linalopigwa na jua la saa kumi. Kumbe sikuwa na nakala nne. Zilikuwa na ajali moja iliyokuwa inazisubiri zote.

Kilichotuokoa ni namna DVD inavyoandikwa. Huanzia ndani, karibu na tundu, kwenda nje. Na kuharibika mara nyingi huanzia ukingoni, ambako vidole hushika na unyevu hupenya. Nami nilikuwa nimeipanga kazi kwa mtiririko wa siku yenyewe, nikahi mwanzo. Nikatumia programu inayosoma kipande kwa kipande na kurudia pale inapokwama, nikaziunganisha diski zote nne: iliposhindwa hii, ile ikajazia. Usiku kucha. Alfajiri nikahi ikawa nzima. Mzee anaonekana kashika mkono wa bwana harusi, na sauti yake inasikika vizuri. Ngoma ya wanawake ya usiku ule, walimocheza bibi wawili ambao leo ni marehemu, haikupatikana.

Na kanda ya asili? Niliifuta. Nilipiga harusi nyingine juu yake ili nisinunue mpya. Kanda ya MiniDV, ile ndogo ya kamera za video, ya dakika 60 ilibeba takriban gigabaiti 13. DVD niliyomkabidhi mama ilikuwa na nafasi ya gigabaiti 4.7 tu, kwa hiyo hata kile nilichompa kilikuwa kimebanwa. Kama wewe ni mpiga picha na utasoma aya moja tu hapa, isome hii: usifute cha asili kwa sababu umeshamkabidhi mteja.

Tangu hapo nimejisomea sana namna data inavyokaa ndani ya hivi vyombo, na nimegundua kwamba hasara zangu nyingi zilitokana na kutojua ninachokishika mkononi.

Chukua CD au DVD ya kuchoma nyumbani. Ndani yake mna tabaka la rangi, na leza huibadilisha rangi hiyo nukta kwa nukta. Ni rangi kweli, na hupauka kama kanga iliyosahaulika kambani. Diski za kiwandani, zile za filamu, hugandamizwa vishimo kwenye plastiki, ndiyo maana unakuta ya dukani ya mwaka 1995 inacheza na yako ya 2010 imekufa. Jambo jingine ambalo sikulijua kwa miaka mingi: kwenye CD, data haiko upande ule unaong'aa tunaoulinda. Iko chini ya upande wa maandishi, imefunikwa na utando mwembamba tu. Nilikuwa naandika majina ya maharusi kwa kalamu ya bolpeni, nikikandamiza. DVD ni afadhali kwa hilo, data imekaa katikati ya plastiki mbili, lakini gundi inayoziunganisha ndiyo inayoachia ukingoni kwenye hewa ya chumvi kama yetu.

Sasa angalia wahandisi walivyofanya kuongeza nafasi kwenye kipande kilekile cha plastiki cha sentimita 12. CD ilitoka mwaka 1982 na leza ya nanomita 780 (nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni), mistari ya data imeachana kwa mikromita 1.6 (mikromita ni nanomita elfu moja). DVD ikashuka hadi nanomita 650 na mikromita 0.74. Blu-ray, kwa leza ya buluu-zambarau ya nanomita 405, ikafika mikromita 0.32 na kubeba gigabaiti 25 kwa tabaka moja. Kila mara kalamu imechongwa ncha kali zaidi, herufi zikawa ndogo zaidi. Mkwaruzo uleule wa jana leo unafunika herufi nyingi zaidi. Ndiyo sababu Blu-ray, ambayo data yake iko milimita 0.1 tu chini ya uso, ikalazimika kupakwa utando mgumu.

Upande wa sumaku, yaani diski kuu (hard disk), habari ni hiyohiyo, ila imekwenda mbali mno. Diski kuu ya kwanza, IBM 350 ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, kila moja inchi 24 kwa upana, na zote kwa pamoja hazikufikisha megabaiti 4. Picha moja ya simu yako ingeweza kuijaza. Ilibana takriban biti 2,000, yaani sifuri na moja za kompyuta, kwenye inchi moja ya mraba. Leo eneo hilohilo linabeba biti zaidi ya trilioni moja.

Ili hilo liwezekane, kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa nanomita chache. Unywele wako una unene wa takriban nanomita 80,000. Nilipoisoma namba hiyo nilikumbuka siku diski yangu ya harusi za mwaka 2014 ilipoanguka ikaanza kugonga, tk, tk, tk, nami nikampelekea fundi. Akaifungua kwa bisibisi palepale mezani, chini ya feni, akaipuliza kwa mdomo. Nilisimama nikamtazama, hata nikamshikia tochi. Kwa kichwa kinachoelea hivyo, chembe ya vumbi ni jiwe la barabarani, na tone la mate ni zaidi ya hapo. Diski ikianza kugonga, zima. Usiiwashe tena "kujaribu kidogo", maana kila mzunguko unaweza kukwangua sahani. Isifunguliwe na yeyote asiye na chumba kilichosafishwa vumbi kwa kazi hiyo. Gharama ni kubwa, lakini ukifika hapo ndipo utapima harusi zile zina thamani gani.

Watu huniuliza kama wasubiri diski mpya kubwa zinazozungumzwa. Utafiti wenyewe unanivutia sana. Ukizidi kupunguza chembe za sumaku ili ubane biti nyingi, hufika mahali joto la kawaida tu linatosha kuzigeuza, na data inajifuta. Basi wakatafuta aloi ya chuma na platini, ambayo sumaku yake haigeuki kirahisi. Lakini ikawa ngumu kiasi kwamba hata kichwa cha kuandikia hakiiwezi. Jawabu lao ni leza ndogo kwenye kichwa chenyewe: inaipasha nukta moja zaidi ya nyuzi 400, sumaku inaandika, nukta inapoa, yote ndani ya nanosekunde chache. Mwezi Januari 2024 Seagate walitangaza diski za namna hii zinazozidi terabaiti 30, terabaiti 3 na zaidi kwa sahani moja. Zilianzia kwenye vituo vikubwa vya data. Wewe na mimi tusisubiri kitu; harusi ya Jumamosi hii inahitaji pa kukaa Jumapili.

Ila kuna mbinu moja ya kubana ambayo imeshafika madukani kwetu na wauzaji wengi hawaisemi. Nilinunua diski ya nje ya bei nafuu, nikaanza kuhamishia kazi za miaka. Saa ya kwanza ilikimbia, kisha ikaanza kutambaa. Kazi ya usiku mmoja ikala siku tatu. Nilidhani nimeuziwa mbovu. Haikuwa mbovu. Mistari yake imelazwa kama makuti ya paa, huu juu ya ule. Kuezeka upya ni haraka, lakini ukitaka kubadilisha kuti la chini lazima uinue yaliyolalia juu yake. Katika maelezo ya diski tafuta herufi SMR, ndiyo makuti hayo. CMR ni mistari iliyoachana. SMR nunua kwa kuhifadhi tu, uandike mara moja uiache. Usihariri video juu yake.

Flashi mimi situmii kuhifadhia kabisa. Inashika data kwa chaji ya umeme, na chaji huvuja polepole ikikaa bila kuwashwa. Kanda za LTO, zile za sumaku za kuhifadhia data, ni bora mno kwa redio na maktaba, moja ya LTO-9 inabeba terabaiti 18, lakini mashine yake inazidi uwezo wa studio yangu.

Ninachofanya sasa: diski moja ya kazi, ya pili ya kampuni nyingine, iliyonunuliwa mwezi mwingine, ndani ya boksi linalobana lenye vile vifuko vya kukausha vinavyotoka na viatu, ya tatu kwa kaka yangu Dodoma, kwenye hewa kavu, tunabadilishana akisafiri. Kila Januari naziwasha zote na kuendesha programu inayokokotoa namba ya kila faili kutokana na data yake. Ikibadilika hata biti moja, namba inabadilika, nami najua ipi imeoza kabla mteja hajaniambia.

Yule mama nilimpa nikahi kwenye flashi ya kutazamia, sikumtoza. Wiki iliyofuata akarudi na kaseti ya marehemu akisoma maulidi, ya mwaka 1989. Ina ukungu mweupe pembeni mwa mkanda. Sijaitia kwenye mashine. Ukungu ukishika kichwa cha kusomea utahamia kwenye kaseti zitakazofuata. Iko ndani ya boksi na vifuko vyake, inakauka kwanza.